Sura ya 6: Nyuzi Mbili Juu ya Sifuri

Samaki wa Luapula huanza kuharibika pale pale anapokufa mtumbwini. Hakuna awezaye kulizuia hilo; kinachowezekana ni kulichelewesha, na kwa samaki anayetakiwa sokoni akiwa mbichi, dawa ni baridi. Wataalamu wa samaki wana kanuni yao ya kukadiria: aliyekaa kwenye nyuzi 5 za Selsiasi huharibika kwa kasi inayozidi mara mbili ya yule aliyekaa kwenye sifuri, na kwenye nyuzi 10 kasi hiyo hufika kama mara nne. Kwa mchuuzi anayekusanya mzigo Kasenga ili aupeleke Lubumbashi, safari ya kilomita zaidi ya 200 kwa njia ya Kasomeno, hesabu hiyo ni ya fedha tupu. Siku moja nzima, usiku na mchana, ndani ya chumba cha nyuzi 10 humlia siku nne ambazo angekuwa nazo kwenye sifuri.

Ndiyo maana natoa sura nzima kwa kifaa kinachoamua nyuzi hizo: themostati ya chumba cha baridi. Siizungumzii ile nyembamba ya ofisini yenye kioo cha namba. Nazungumzia themostati nzito, ya kisanduku cha chuma au plastiki ngumu, iliyotengenezwa kubeba umeme wa mashine ya kupooza yenyewe. Kati ya vitu vyote vinavyonunuliwa ili kujenga chumba cha baridi, ni miongoni mwa vya bei nafuu kabisa, na kwa hiyo hufungwa mwisho, kwa haraka, penye msumari uliobaki wazi. Nimeingia vyumba vyenye kuta nene na kompresa ya kuheshimika, na samaki wake walikuwa laini na wenye harufu, kwa sababu kifaa hicho kilifungwa nyuma ya rundo la makreti.

Kasenga iliijua baridi mapema kuliko miji mingi ya bara. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikaanzishwa 1910, na maelfu ya watu walioletwa kuchimba na kuyeyusha shaba walihitaji kitoweo. Mto Luapula na Ziwa Mweru vilikuwa na samaki tele. Wafanyabiashara Wagiriki waliweka makazi Kasenga, wakanunua samaki kwa wavuvi wa pande zote mbili za mto, wakawalaza kwenye barafu na kuwapakia malori kuelekea mjini. Hivyo bandari ndogo ya mtoni ikawa jiko la mji wa shaba. Biashara hiyo iliyumba kwa siasa: tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitatwaliwa na raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na Wagiriki walikuwa miongoni mwa waliopoteza mali nyingi.

Barafu ile ilikuwa na upande wake mchungu, na sipendi kuuruka. Soko lilipokuwa karibu kwa njia ya lori na barafu, kila samaki aliyepatikana alikuwa na mnunuzi. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mito kwa makundi makubwa wakati wa mafuriko ili kutaga, alivuliwa akiwa na mayai tumboni, na yale makundi yakatoweka. Hayajarudi kama yalivyokuwa. Kwa hiyo ninapong'ang'ania nyuzi mbili tatu za baridi, sifikirii mfuko wa mchuuzi peke yake. Samaki anayeozea chumbani alitolewa mtoni bure.

Sasa, chumba kiwe na baridi kiasi gani? Hapa ndipo fundi na mwenye chumba hukosana. Wengi husimama mlangoni na kusema: "Fundi, uizungushe mpaka mwisho, baridi ikamate muzuri!" Jibu langu ni lile lile kila mara: "Hapana, mama, ukiizungusha mpaka mwisho utaua barafu yako."

Tuanze na barafu yenyewe. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto la kilojuli 334. Kupooza kilo moja ya samaki kutoka nyuzi 28, joto la kawaida la mchana bondeni, hadi sifuri, huhitaji kama kilojuli 100. Kwa hesabu ya karatasi, kilo 30 za barafu zinatosha kilo 100 za samaki. Kwa hali halisi, penye makreti yenye mianya, mlango unaofunguliwa kila mara na jua la Oktoba, ni afadhali kuweka kilo kwa kilo. Lakini kazi yote hiyo hufanywa na barafu inayoyeyuka. Maji ya sifuri hupita katikati ya samaki, huosha utelezi na damu, hulowesha ngozi isikauke, na hugusa kila upande wa mwili ambao hewa ya feni haiwezi kuufikia.

Chumba kikishushwa chini ya sifuri, barafu huacha kuyeyuka. Vipande hushikana kuwa jiwe moja, mianya ya hewa hubaki kati ya jiwe na samaki, na samaki wa pembeni huanza kuganda polepole. Kuganda polepole ndiko kunakoharibu nyama: chembe kubwa za barafu hukua ndani ya misuli na kuichana, na siku ya kuuzwa maji humwagika na nyama hubonyea. Anayetaka samaki wa kuganda ajenge chumba kingine, cha nyuzi 18 chini ya sifuri, chenye mashine inayoweza kumgandisha haraka. Chumba cha kulaza samaki wenye barafu hufanya kazi yake vizuri kwenye nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Hewa hubaki na joto dogo la kuiyeyusha barafu taratibu, na samaki mwenyewe hubaki sifuri kwa sababu yuko ndani ya barafu.

Nafasi kati ya chumba kizuri na chumba kinachogandisha ni nyuzi mbili tu, na kazi ya kuilinda usiku kucha amepewa yule mdogo aliye ukutani.

Ndani yake hamna miujiza. Kuna mrija au kichwa cha shaba chenye gesi au kimiminika kinachotanuka kwa joto. Mtanuko huo husukuma mvukuto mdogo. Mvukuto husukumana na springi. Na springi ndiyo unayoikaza au kuilegeza unapozungusha kirungu. Joto likipanda, mvukuto hushinda, swichi hujifunga, mashine huanza. Likishuka, springi hushinda, swichi hufunguka, mashine husimama. Wazo lenyewe ni la zamani. Mholanzi Cornelis Drebbel alitengeneza tanuri la kuangulia mayai lililojirekebisha joto lenyewe katika karne ya 17, na mwalimu wa chuo huko Wisconsin, Marekani, Warren Johnson, alipata hataza ya themostati ya umeme ya chumba mwaka 1883. Wote wawili walikuwa wanashughulika na kupasha joto. Vifaa vingi vinavyofika madukani Lubumbashi bado vimerithi hilo: vina skrubu tatu za waya, moja ya pamoja, moja inayounganika joto likipanda na moja inayounganika joto likishuka. Kwa kupooza tunataka ile ya kwanza kati ya hizo mbili. Ukikosea, mashine itakimbia chumba kikiwa baridi na kulala kikiwa moto. Usiamini rangi ya skrubu. Chukua tesita, kishike kichwa cha kuhisi mkononi kipate joto, kisha kitumbukize kwenye kikombe cha barafu, uone njia ipi inafunguka. Ni kazi ya dakika mbili.

Kuhusu uzito wa kifaa: mota ya kompresa ndogo ya kilowati moja na nusu, kwenye volti 220, hula kama ampea 10 ikiwa inazunguka. Inapoanza, kwa nukta moja, hula mara tano au sita ya hizo. Themostati nyepesi ya ukutani imetengenezwa kupitisha ampea moja au mbili. Ukipitisha mota humo, ncha za swichi huungua, au hushikana zisiachane tena, na chumba hugandisha usiku kucha huku mwenyewe akidhani amepata bahati ya baridi. Themostati nzito ina ncha pana na swichi inayoruka kwa ghafla, ili cheche isipate muda wa kukaa. Hata hivyo soma kibandiko chake. Utakuta namba mbili za ampea: ya mota inayozunguka na ya mota inayoanza. Zote mbili ziwe kubwa kuliko zile zilizoandikwa kwenye kompresa. Mota ikiwa ya nyaya tatu za volti 380, themostati isiibebe kabisa. Iamuru koili ya kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku, na kontakta ndiyo iamuru mota.

Wapo mafundi vijana wanaoniuliza kwa nini nashikilia kifaa cha springi wakati vipo vya kielektroniki vinavyoonyesha joto kwa namba nyekundu. Vile ni vizuri, na penye umeme tulivu navipenda. Lakini katika Katanga yetu umeme hukatika, na ukirudi huweza kurudi ukiwa juu mno au chini mno; jenereta nazo hupandisha na kushusha. Kibao cha kielektroniki kisicholindwa huungua kwa pigo moja, na kipuri chake huenda kikawa mbali. Springi na mvukuto haviungui kwa volti. Nikiweza kuviweka vyote viwili, springi huendesha mashine na namba nyekundu hunisomea joto tu.

Sasa tufike ukutani. Themostati husema kweli ya mahali ilipo, na mahali hapo pasipofanana na pale samaki walipo, kweli hiyo haikusaidii. Usiifunge mbele ya feni: pale hewa imetoka tu kupozwa, itaizima mashine kabla chumba hakijapoa. Usiifunge karibu na mlango: kila mchuuzi anayeingia atailetea hewa ya nje, na mashine itakimbia bila sababu. Usiifunge juu ya taa, wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Kwenye chumba ambacho evaporeta yake, yaani koili inayopoza hewa, iko juu ya ukuta wa nyuma, mimi huitafuta ile hewa inayorudi: hewa iliyokwisha kuzunguka makreti yote na sasa inavutwa kurudi kwenye evaporeta. Hapo, kwenye ukuta wa pembeni, juu kidogo ya kimo cha makreti, kifaa hupata wastani wa chumba kizima. Nacho kikae mbali kidogo na ukuta, juu ya vipande vya plastiki vya sentimita mbili tatu, kihisi hewa, kisihisi bati. Mbele yake funga kizuizi cha vyuma. Makreti hayana macho, na wapakiaji wana haraka.

Tundu la waya linahitaji uangalifu kuliko mafundi wengi wanavyoupa. Hewa ya bonde la Luapula wakati wa mvua ina unyevu mwingi. Ukipitisha waya ndani ya bomba kutoka nje hadi ndani ya kisanduku bila kuziba, hewa hiyo husafiri ndani ya bomba, ikafika penye baridi ikageuka maji, na maji yakatulia juu ya skrubu za umeme. Baada ya miezi michache utaona kutu ya kijani, kisha swichi isiyoaminika. Ziba bomba kwa silikoni, nje na ndani. Waya uingie kisanduku kutoka chini, ukiwa umeacha tumbo linaloning'inia, ili tone lianguke sakafuni badala ya kufuata waya. Waya wa ardhini uunganishwe hata kama themostati ni ya plastiki, maana sakafu ya chumba cha samaki haikauki na watu huingia na kandambili. Kama kichwa cha kuhisi kimeunganishwa kwa mrija mrefu wa kapilari, usiukunje kona kali. Uviringishe uliobaki kwa duara pana, na unapopita kwenye bati uvike mpira.

Mrija huo ukitoboka, gesi ikatoka, mvukuto hunywea. Kwa kifaa, kunywea ni dalili ya baridi kali, kwa hiyo kitaizima mashine na hakitaiwasha tena. Hakuna cheche, hakuna moshi, hakuna kelele. Chumba kinapanda joto kimya kimya toka usiku hadi asubuhi. Kwa sababu hii sikubali kukabidhi chumba kisicho na kipimajoto cha pili, cha kawaida, kisichohusiana na themostati kwa waya wala kwa mrija, kinachosomeka na mtu aliyesimama mlangoni.

Kurekebisha namba kuna siri moja ya nchi yetu ambayo sikuiona ikitajwa kwenye karatasi za kiwandani zinazokuja ndani ya boksi. Lubumbashi iko kwenye kimo cha kama mita 1,200; Kasenga, bondeni, iko chini zaidi lakini bado inakaribia mita 1,000. Uzito wa hewa huku ni mdogo kuliko ufukweni. Mvukuto wenye gesi husukumana na springi pamoja na hewa ya nje. Hewa ikiwa nyepesi, mvukuto hushinda mapema, na kifaa huona joto pasipo na joto. Matokeo yake mashine huendelea kukimbia hadi kwenye baridi inayozidi ile iliyoandikwa kwenye kirungu, kwa nyuzi moja hivi kwa vifaa vingi vya gesi. Vile vya kimiminika havina shida hii. Nyuzi moja ni kitu gani? Kwenye duka la soda si kitu. Kwenye chumba unachotaka kisimame kwenye nyuzi 1, ni mlango wa kuganda.

Kwa hiyo kirungu ni pa kuanzia tu. Chukua ndoo, ijaze barafu iliyopondwa, ongeza maji safi kidogo, koroga. Mchanganyiko huo ni sifuri, Kasenga sawa na Mombasa. Kimo hushusha joto la maji yanayochemka, lakini barafu inayoyeyuka hakiigusi kwa kiasi cha kupimika na vyombo vyetu. Pima kipimajoto chako humo kwanza. Kisha kiweke karibu na themostati, acha mashine ikimbie, na uandike inapozima na inapowaka. Fanya hivyo mara kadhaa, mlango ukiwa umefungwa. Mimi hutafuta izime kwenye nyuzi 1 na kuwaka kwenye nyuzi 4. Pengo la nyuzi tatu linaweza kuonekana kubwa, lakini samaki walio ndani ya barafu hawalisikii. Inayolisikia ni kompresa, ambayo ingekufa mapema kama ingewashwa na kuzimwa kila baada ya dakika mbili. Feni ya evaporeta iache iendelee hata mashine ikisimama. Hewa ya juu ya sifuri itayeyusha utandu wa barafu kwenye mapezi yake bila gharama yoyote.

Kuna kifaa kimoja kidogo cha kuongeza, na penye umeme wa kukatika sikioni kuwa cha hiari: kichelewesho. Mashine ikizimwa ghafla, gesi ya upande mmoja inabaki na msukumo mkubwa kuliko ya upande mwingine. Umeme ukirudi baada ya nukta chache, themostati, ambayo haina kumbukumbu, inaiamuru mota ianze hapo hapo ikiwa imebeba mzigo huo wote. Mota inagoma, inavuta ampea za kuanzia bila kuzunguka, inachemka. Kichelewesho cha dakika tatu hadi tano, kilichofungwa kwa mfuatano na themostati, huipa gesi muda wa kusawazika. Kile kinachopima pia volti, na kukataa kuwasha zikiwa chini mno au juu mno, ni bora zaidi. Nimewahi kuulizwa kama dakika tano za kungoja hazitaharibu samaki. Kilo 100 za barafu ndani ya chumba zimehifadhi baridi sawa na zaidi ya kilowati-saa 9. Zitangoja dakika tano, na usiku wa jenereta iliyokosa mafuta zitangoja hadi asubuhi, mradi mlango ubaki umefungwa.

Chisense hawahusiki na haya yote; dagaa hao wa Mweru hukaushwa juani na husafiri kwa magunia bila barafu. Wanaohusika ni samaki wa kuuzwa wabichi, wale wanaofika Lubumbashi macho yakiwa bado maangavu na mashavu mekundu, ambao mnunuzi huwafunua mashavu kwa kidole kabla ya kutaja bei.

Siku ya kukabidhi, funika kirungu cha themostati kwa kifuniko chake na ufunguo umpe mtu mmoja anayejulikana. Mwachie daftari na kalamu kwenye uzi, aandike joto asubuhi, mchana na jioni. Mwonyeshe kwamba namba ikizidi 5 hatua ya kwanza si kugusa kirungu: aangalie mpira wa mlango, aangalie kama evaporeta imezibwa na barafu, aangalie kama kuna mtu ameingiza mzigo wa samaki wenye joto bila barafu yake. Akivikuta vyote viko sawa na mashine imelala wakati kipimajoto kinasoma nyuzi 8, aongeze barafu kwenye makreti, afunge mlango, ndipo amwite fundi.